Njaa ya Jamestown na Ghala la Jirani

Simulizi iliyozoeleka kuhusu Jamestown, makazi ya kwanza ya kudumu ya Waingereza katika Amerika Kaskazini, huwatupia lawama walowezi wenyewe: mabwana wasiozoea jembe, waliosaka dhahabu badala ya kulima. Lawama hiyo iliifaa sana Kampuni ya Virginia, iliyolazimika kuwaeleza wenye hisa kwa nini watu wake walikuwa wakifa. Naikataa. Njaa ile ilitokana na koloni kuanzishwa kwa kutegemea chakula cha wengine.

Mei 1607, wanaume na wavulana 104 waliweka kambi kando ya Mto James, mahali palipochaguliwa kwa kuhofia meli za Hispania. Kwa ulinzi palifaa. Kwa kuishi hapakufaa kabisa. Wakati wa kiangazi mto ulipopungua, maji ya bahari yalipanda hadi pale, na watu wakanywa maji ya chumvi yaliyochanganyika na uchafu wao wenyewe. Kufikia Januari 1608 walibaki 38. Mtu anayehara damu hawezi kushika jembe, na kumwita mvivu ni dhuluma.

Kisha kuna ukame. Pete za ukuaji za miti ya kale ya misaiprasi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, zinaonyesha kwamba miaka ya 1606 hadi 1612 ilikuwa kipindi kikavu kuliko kingine chochote cha miaka saba katika muda wa miaka 770. Kwa hiyo hata Wapowhatan, wenyeji waliolijua eneo hilo barabara, walikuwa na mahindi haba. Kila kapu walilouza kwa shaba lilipunguza akiba yao wenyewe, na walipokataa kuuza, Waingereza walichukua kwa nguvu.

Wanaotetea hoja ya uvivu humtaja John Smith, aliyeamuru kwamba asiyefanya kazi asile, na ni kweli vifo vilipungua chini yake. Lakini panya walipokula akiba ya mahindi mwaka 1609, Smith aliwatawanya watu wake: wengine wakaenda chini ya mto kula chaza, wengine kuvua samaki, wengine kuishi kwa wenyeji. Kilichowaokoa ni kuondoka Jamestown.

Smith alirudi Uingereza Oktoba mwaka huohuo. Meli ya Sea Venture, iliyobeba viongozi wapya, ilikuwa imekwama Bermuda tangu Julai. Wahunsenacawh, mtawala mkuu wa Wapowhatan, akaizingira ngome, na walowezi wapatao 300 wakakosa pa kutawanyikia. Walikula farasi, mbwa, panya na ngozi za viatu. Mwaka 2012 wanaakiolojia walifukua, kati ya mifupa ya farasi na mbwa, fuvu la msichana wa miaka kama 14. Paji la uso lina alama nne zisizo na kina, za mkono uliositasita. Nyuma ya kichwa pana mapigo mazito yaliyolipasua fuvu. Mei 1610 walibaki takriban 60.

Juni waliihama ngome, wakakutana mtoni na mashua ya Lord De La Warr, gavana mpya aliyekuwa akija na chakula na askari, wakarudishwa. Agosti, George Percy, aliyeongoza ngome wakati wa njaa ile, aliongoza shambulio dhidi ya Wapaspahegh, kundi mojawapo la Wapowhatan. Askari wake waliua watu, wakachoma nyumba, kisha wakaingia mashambani na kufyeka mahindi.