Mirija ya Kaboni: Historia ya Ugunduzi na Lugha Yake

Ni nani aliyegundua mirija ya kaboni? Vitabu vingi hujibu bila kusita: ni Sumio Iijima, mtaalamu wa Japani, aliyetangaza kazi yake katika jarida la Nature mnamo Novemba 1991. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini halimalizi maneno.

Tuanze na umbo lenyewe. Grafiti, ile iliyomo ndani ya kalamu ya risasi, ni matabaka ya atomi za kaboni zilizopangwa kwa pembesita, mfano wa sega la nyuki. Tabaka moja likikunjwa hata kingo zake zikaungana, huwa mrija. Mirija ya Iijima ilikuwa na upana wa nanomita 4 hadi 30, nanomita ikiwa ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kuta zake zilizungukana, zikitengana kwa nanomita 0,34 hivi. Sifa ya Iijima ni kuueleza mpangilio huo tabaka kwa tabaka.

Hata hivyo, mwaka 1952 Wasovieti wawili, Radushkevich na Lukyanovich, walikuwa wamekwisha kuchapisha picha za nyuzi za kaboni zenye uwazi ndani, upana wake nanomita 50 hivi. Waliandika kwa Kirusi, wakati wa vita baridi, na wasomi wengi wa Magharibi hawakuwasoma. Mwaka 1976 Oberlin, Endo na Koyama nao walionyesha nyuzi za namna hiyo.

Mwaka 2000 Gogotsi, Libera na Yoshimura walitumia njia ya maji: polietileni, maji na nikeli kama kichocheo, katika joto la nyuzi 700 hadi 800 za Selsiasi na kanieneo ya megapaskali 60 hadi 100. Ikapatikana mirija yenye kuta nyingi, mingine ikiwa imefungia maji ndani yake.

Mwaka 2006, katika jarida la Carbon, Monthioux na Kuznetsov waliuliza waziwazi ni nani astahiliye sifa ya ugunduzi, wakairudisha mbele ya wasomi kazi ya 1952.

Kwetu sisi tunaoshughulika na Kiswahili, jambo hili si la wanakemia peke yao. Elimu iliyoandikwa katika lugha isiyosomwa na wengine hulala kama mbegu ghalani. Basi haitoshi kuunda istilahi. Tuwe na watu wa kuzisoma, kuzijadili na kuzifasiri, ili kitakachoandikwa kwa Kiswahili kisingoje miaka hamsini kusikika.