Kipupwe Mbekenyera: soko la mguu kwa mguu

Safari hii sikwenda kwenye semina wala kwenye msafara wa mkubwa yeyote. Nilikwenda Mbekenyera, wilayani Ruangwa, mwezi wa Julai, kuangalia soko. Wenzetu wa Ulaya wana masoko yao ya Desemba, wanazunguka na makoti mazito. Kusini kwetu baridi ni ya Juni hadi Agosti, na sherehe ni za miezi hiyo hiyo: mazao yameshavunwa, shule zina likizo, watoto wanatoka jandoni na unyagoni.

Bodaboda iliniacha barabarani, mengine yote nikatembea. Mbele kuna doti za khanga, shanga, miwani ya plastiki na raba nyeupe za kumvalisha mwali siku ya kutolewa. Nyuma yake muhogo mkavu, mbaazi, na kuku waliofungwa miguu wakisubiri bahati yao mbaya. Nikamuuliza mwenye nguo anauza zaidi mwezi gani. Akanicheka. "Mwanangu, hapa hatuhesabu mwezi. Ufuta ukilipwa."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Ufuta huku unauzwa kwa stakabadhi ghalani. Unapeleka gunia chama cha msingi, linapimwa, linakwenda ghalani, mnada unafanyika, halafu unasubiri hela. Kati ya mizani na hela ngoma haingoji, kwa hiyo khanga ya mwali mara nyingi inakopwa. Daftari la madeni la yule mama lilikuwa nene kuliko daftari langu la kazi!

Na si jambo jipya. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa bara ya Lindi, Wamwera wakiwemo, walitembea siku kadhaa kwenda pwani na mpira wa porini na nta vichwani, wakarudi na nguo na chumvi. Bei ilipangwa huko huko pwani. Kisha Wajerumani wakaleta kodi na kulazimisha pamba, na Julai 1905 Majimaji ikalipuka kule Umatumbi. Iliwaka hadi huku, na iliyofuata ni njaa iliyoua wengi kuliko risasi. Miaka kama ile, nani angemtoa mwali?

Wenyeji hawakuacha unyago wala jando, ingawa wamisionari wengi waliona ni upagani mtupu. Askofu Vincent Lucas, Mwanglikana aliyekuwa askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, aliamua tofauti: akalichukua jando na kulipa sura ya Kikristo. Kuna wanaomsifu na kuna wanaosema aliliteka tu. Mimi nadhani alikuwa na macho. Aliona watu watakwenda kumbini, apende asipende.

Halafu ikaja karanga. Wakati ule Ruangwa ilikuwa bado haijawa wilaya (ilikuja kuwa wilaya mwaka 1995). Kuanzia 1947 serikali ya Uingereza ilitaka kulima mamilioni ya ekari za karanga Tanganyika, ipate mafuta ya kula baada ya vita. Kongwa, Urambo na Nachingwea ndiko walikochagua. Matrekta yakaletwa, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Reli ikajengwa kutoka pwani na bandari ya Mtwara ikachimbwa. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, pauni kama milioni 36 zimekwenda na maji. Mwaka 1962 reli nayo ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Vitabu vimejaa habari za wakubwa wa London waliokosea mahesabu. Mkulima wa Nachingwea aliyekuwa akilima karanga zake kwa jembe miaka yote hiyo hatajwi, au anatajwa kama kibarua.

Novemba 2018 nayo iliacha kumbukumbu. Wanunuzi walitoa bei ndogo ya korosho, Rais Magufuli akaamuru serikali inunue yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaenda kubeba. Bei nzuri, lakini wako waliongoja malipo Krismasi ikapita, na mwaka mpya ukaingia. Yule mama wa khanga anaikumbuka kwa jina moja tu: mwaka wa kurudisha mzigo. Alifungasha doti alizokuwa ametandika, akazirudisha kwa tajiri wake.

Nilipita Nachingwea mjini wakati wa kurudi. Pembeni mwa stendi bibi mmoja alikuwa na sinia la karanga za kukaanga. Nikamwamkia, shikamoo bibi, nikaomba za shilingi mia tano. Nikamuuliza zimetoka wapi.

"Shambani kwangu, mjukuu. Kwani zinatoka wapi tena?"

Akajaza kikopo hadi juu, akanimiminia kwenye gazeti, kisha akaongeza kiganja kimoja cha nyongeza.