Wobble: neno la Kiingereza katika mwambao wa Rumonge

"Wobble" ni kitenzi cha Kiingereza kinachotumika kwa kitu kinachocheza huku na huku palepale kilipo, kikakosa utulivu lakini kisianguke. Meza ambayo mguu wake mmoja ni mfupi, jino la mtoto linalokaribia kung'oka, gurudumu la baiskeli lililopinda: Mwingereza huvisema vyote kwa neno hilo moja. Lilianza kuandikwa katika karne ya 17, wakati huo kwa herufi a, "wabble", na asili yake inahusishwa na lahaja za Kijerumani cha kaskazini. Ni kitenzi, na pia ni nomino. Sifa yake ni "wobbly".

Rumonge ni mji wa Burundi ulio kando ya Ziwa Tanganyika, kiasi cha kilomita 70 kusini mwa Bujumbura. Unajulikana kwa mawese, samaki aina ya ndagala na mukeke, na pia kwa Kiswahili chake. Lugha hiyo ilifika pwani hii ya ziwa pamoja na wafanyabiashara wa misafara katika karne ya 19. Iliongezewa nguvu na familia zilizokimbilia Tanzania mwaka 1972, ambazo nyingi zilirudi baada ya miongo mitatu na zaidi, watoto wao wakiwa wamesomea Kiswahili. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na sheria ya mwaka 2014 ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa.

Kwa kuwa masomo ya madarasa ya juu hufundishwa kwa Kifaransa, ni rahisi mwanafunzi kulipitisha neno la Kiingereza huko kabla ya kulielewa. Kwa neno hili, njia hiyo inampoteza. Kifaransa kina "tituber" kwa mlevi, "chanceler" kwa anayeishiwa nguvu, "vaciller" kwa mwali wa taa, na meza mbovu ni "bancale". Akichukua "tituber" akaibandika kwenye "wobble", atamfanya kila mwenye baiskeli mbovu kuwa mlevi.

Kiswahili kinamfikisha karibu zaidi. Mlevi hupepesuka, kwa Kiingereza hilo ni "stagger". Mti katika upepo huyumba, na hilo ni "sway". Mtoto anayesimama dede au kwenda tete anaweza kuelezwa kwa "totter" au "wobble". Lakini tunaposema meza inacheza, jino linacheza, au gurudumu linacheza, hapo ndipo "wobble" ilipo hasa. Maswali mawili yanatosha kumwongoza mwanafunzi: je, kitu kinabaki mahali pake? Na mchezo wake ni mdogo, wa kurudiarudia? Majibu yakiwa ndiyo, neno ni hilo.

Ziwani tofauti hizi zinaonekana wazi. Mvuvi akiweka mguu ndani ya mtumbwi mwembamba uliotulia ufukweni, mtumbwi huo "wobbles". Ukiwa katikati ya maji na mawimbi yakaunyanyua na kuushusha, "rocks". Wimbi kubwa likiusukuma ghafla upande mmoja, "lurches". Mitumbwi ya kuvulia ndagala usiku kwa taa, inayounganishwa miwili miwili kwa magogo, haichezi sana, maana imekaa juu ya maji kwa upana. Baiskeli iliyobeba madumu ya mawese ni mfano mwingine. Kutoka milima ya Bururi hadi ziwani mtelemko unazidi mita 1,000, na usukani unapoanza kutetemeka mwendo ukikaza, Waingereza husema "speed wobble". Hapo neno linabeba hatari, na mpanda baiskeli anaijua kabla hajalijua neno lenyewe.

Ziwa nalo huyumba, ingawa si kwa macho. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu, yaliyo ya joto, kuelekea kaskazini, na maji baridi yenye rutuba huinuka upande wa kusini. Upepo ukilegea, tabaka hizo huanza kupanda na kushuka kwa zamu, kila mzunguko ukichukua wiki tatu hadi nne, katika ziwa lenye urefu wa kilomita 670 na kina cha mita 1,470. Rutuba inayoletwa juu ni msingi wa chakula cha ndagala. Wanasayansi hawaiiti hali hii "wobble", nao wana haki: ni mwendo mpana mno, wa polepole mno. Neno hilo wamelitumia kwa mhimili wa dunia, ambao mwaka 1891 Seth Carlo Chandler alionyesha kuwa hucheza kidogo kwa mzunguko wa miezi 14 hivi. Wamelitumia pia kwa nyota zinazotikiswa na sayari zake. Kwa kufuatilia mtikisiko wa aina hiyo Michel Mayor na Didier Queloz waliigundua sayari ya nyota 51 Pegasi mwaka 1995.

Matumizi ya mafumbo yapo pia. Sauti ya anayezuia kilio "wobbles", na serikali inayositasita huelezwa hivyohivyo. Nchini Uingereza "throw a wobbly" ni kupandwa na hasira ghafla, msemo wa mazungumzo usiofaa katika barua ya kazi.

Mwalimu wa Kiingereza wa Rumonge aanzie kwenye Kiswahili ambacho wanafunzi wake wanacho tayari, na awapeleke ufukweni wakaone mtumbwi na baiskeli kabla ya kufungua kamusi ya Kifaransa.