Upimaji wa afya ya mito

Upimaji wa afya ya mito ni kazi ya kutambua kama mto bado unalea viumbe wake na kuweza kujisafisha. Kwa muda mrefu jibu lilitafutwa kwenye chupa: maji yakichotwa, yakapelekwa maabara, yakapimwa oksijeni, chumvichumvi na vimelea. Lakini chupa husimulia saa ile tu ilipojazwa. Kiwanda kikimwaga taka usiku, mchotaji wa asubuhi huweza kukuta maji maangavu. Wadudu wa mtoni, walioishi humo miezi kadhaa, hawadanganyiki hivyo.

Kuwatumia wakazi hao kama mashahidi kulianza Ujerumani, pale watafiti Kolkwitz na Marsson walipoainisha mimea (1908) na wanyama (1909) kwa kadiri wanavyostahimili majitaka. Mwaka 1981 Mmarekani James Karr alitunga kipimo kinachotegemea jamii ya samaki.

Barani Afrika, mbinu iliyoenea zaidi ni SASS ya Afrika Kusini, ambayo toleo lake la tano lilitangazwa mwaka 2002. Mpimaji huingia majini na wavu, hukoroga mawe kwa miguu, na mkondo humletea wadudu. Huwatambua papo hapo kando ya mto. Kila familia ina alama, kuanzia 1 kwa wasiojali uchafu, kama minyoo ya topeni, hadi 15 kwa wale wasioweza kuuvumilia. Jumla ya alama hugawanywa kwa idadi ya makundi yaliyopatikana. Tanzania imepata kipimo chake, TARISS, kilichojengwa juu ya SASS, kwa kuwa wadudu wa mito yake si wale wale wa kusini.

Siku hizi watafiti huchuja maji na kusoma DNA iliyoachwa na viumbe. Ni njia ya kasi, ila DNA husafiri na mkondo: samaki anayesomwa hapa huenda anaishi mbali huko juu. Tena wadudu wengi wa Afrika bado hawamo katika hazina za vinasaba za kulinganishia.

Wingi wa maji nao umeingia katika hesabu. Mto Ruaha Mkuu wa Tanzania, ambao tangu miaka ya 1990 hukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hauhitaji mdudu wa kuutolea ushahidi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 inatambua akiba ya maji kwa ajili ya mahitaji ya msingi ya watu na ya mazingira.

Fumbo gumu zaidi liko Mto Mara. Viboko wake, maelfu kwa idadi, hula nyasi usiku na kushusha kinyesi madimbwini mchana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mafuriko yakisukuma tope hilo, oksijeni huporomoka na samaki hufa kwa wingi. Kwa kipimo cha oksijeni pekee, siku hiyo Mara ungeandikwa mgonjwa, ilhali uchafu wenyewe ni wa wanyama walioishi humo tangu kale.