Shahada ya Kiingereza na ajira zake kwa vijana wa Singida

MTOTO wa Iramba au Ikungi huanza na Kinyiramba au Kinyaturu nyumbani, hufundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha kidato cha kwanza hukutana na Kiingereza karibu katika kila somo. Baadhi huipenda lugha hiyo hata wakataka kuisomea chuo kikuu. Mzazi anayeuza alizeti ili alipe ada huuliza: shahada hiyo humpeleka mtu wapi?

Chuo kikuu kikubwa kilicho karibu ni cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, takriban kilomita 240 kutoka Singida mjini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kina kituo mkoani humo, kwa wasioweza kuacha kazi.

Wengi hudhani masomo hayo ni ya kujifunza kuzungumza. Sivyo. Mwanafunzi huchambua sauti, miundo ya sentensi na maana, husoma riwaya na tamthilia, na huandika sana. Asiyependa kusoma atateseka miaka yote mitatu.

Uamuzi mzito hufanywa wakati wa kuomba chuo. Anayechukua shahada pamoja na ualimu hutoka na sifa ya kufundisha sekondari; aliyesoma lugha peke yake hulazimika kuongeza stashahada ya uzamili ya ualimu akitaka kuingia darasani. Wapo wanaoigundua tofauti hiyo baada ya kuhitimu, fedha zikiwa zimekwisha. Hata ualimu wenyewe si ajira ya kupangiwa moja kwa moja kama zamani, nafasi hushindaniwa.

Nje ya darasa kuna uandishi wa habari, uhariri, utalii na ofisi za kimataifa jijini Arusha, ikiwamo Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini uwanja unaostahili kutazamwa zaidi ni tafsiri. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama, ilhali sehemu kubwa ya sheria za nchi iliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka huohuo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Riwaya yake, Paradise, ikatafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi.

Kazi hizo humtaka aliyebobea katika lugha zote mbili. Hapo mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, humfaa mwombaji kuliko HGL, ambao huweka Jiografia mahali pa Kiswahili na kumwachisha mwanafunzi somo hilo tangu kidato cha nne.