Chombo cha Pili

Kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam kimo Kipawa, ndani ya Ilala, na mtu atokaye Kariakoo hukifikia kwa kuifuata Barabara ya Nyerere, ambayo wazee hata leo huiita Barabara ya Pugu, akipita Tazara, mahali ambapo foleni ya magari imewatoa watu jasho kuliko safari yenyewe. Lakini aghalabu ndege aipandayo hapo siyo itakayomfikisha aendako. Mwenye safari ya Guangzhou, London au Toronto hushushwa Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul, akapewa saa moja na nusu, au mbili akiwa na bahati, za kukitafuta chombo cha pili, na katika muda huo mdogo hukumu ya safari nzima hukatwa. Watu hudhani kwamba dhiki hii ni ya zama zetu hizi za haraka, ilhali ni kongwe kuliko mji wenyewe. Kilichobadilika ni nani anayebeba jukumu mtu akiachwa.

Sultani Majid bin Said alipoanza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, bahari ilikuwa na ratiba moja tu, nayo ni ya pepo. Kaskazi, ivumayo tangu mwishoni mwa mwaka hata Machi, ilileta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Kusi, iingiayo Aprili, iliyarudisha kwao. Na katikati ya kusi, mnamo Juni na Julai, bahari ilichafuka hata manahodha wenye busara wakaviacha vyombo vyao bandarini. Mtu wa Mrima aliyekusudia Maskati alivuka kwanza Unguja kwa mashua, akangoja huko jahazi la safari ndefu, na akichelewa hakuchelewa kwa saa wala kwa siku, bali kwa msimu mzima. Basi alikaa. Unguja palikuwa na jamaa wa kumpokea, na misikiti ya kumstiri, na matajiri wa kumkopesha hata pepo zigeuke. Na aliyeoa huko katika kungoja kwake hakuwa na sababu kubwa ya kuondoka tena. Wala hapakuwa na wa kumshitaki, maana upepo ni amri ya Mwenyezi Mungu, na nahodha ni mja kama abiria wake.

Meli za moshi ndizo zilizotuletea tarehe. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, Majid akafariki mwaka uliofuata na mji wake ukiwa bado haujakamilika, na mwaka 1872 kampuni ya British India, ya Mskochi William Mackinnon, ikaanzisha meli ya barua mara moja kwa mwezi baina ya Aden na Unguja. Tangu hapo msafiri wa pwani hii alipaswa kuiwahi meli Unguja, na meli nayo ilipaswa kuiwahi nyingine Aden, ambako njia ya Bombay na njia ya Ulaya zilikutana. Kiungo kimoja kikilegea, mwezi umekwenda. Aden, pamoja na ukame wake na joto lake, ndiyo iliyokuwa Dubai ya siku zile. Wajerumani, ambao hawakupendezwa kuona barua zao zikipita mikononi mwa Waingereza, walianzisha mwaka 1890 meli zao wenyewe zilizolipiwa ruzuku na serikali, na mwaka 1891 wakauhamisha mji mkuu wa koloni kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam. Na kwa muda usiotimia robo karne mji huu ukawa na chombo kinachotoka kwake moja kwa moja hata Ulaya. Vita vya 1914 vilikata fahari hiyo. Mnamo Septemba 1916 Waingereza wakauteka mji, na wapagazi wa jeshi lao wakapiga kambi penye mtaa ambao ndio Kariakoo ya leo.

Ndege zilipokuja, zilikuja kwa kutupita pembeni. Mwaka 1931 Imperial Airways iliunganisha London na Mwanza, na mwanzoni mwa 1932 ikaendelea hata Cape Town kwa njia ya bara, ikitua Dodoma na Mbeya. Mtu wa Dar es Salaam aliyetaka kuipata alichukuliwa kwanza hadi Nairobi na ndege ndogo za Wilson Airways, kampuni aliyoianzisha bibi mmoja wa huko, Florence Kerr Wilson, mwaka 1929. Ilipofika 1937 ndipo zilipokuja ndege zenye kutua majini, zikitoka Southampton kwa kufuata Mto Nili na Ziwa Viktoria, zikashuka Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, hata Durban. Hapakuhitajika kiwanja: ndege iliteremka juu ya maji ya bandari, na boti ikaenda kuwatoa abiria. Nami nawaonea kijicho wasafiri wale katika jambo moja, kwamba ndege haikuruka usiku. Jioni ilipoingia wote walishuka, wakalala hotelini kwa gharama ya kampuni, na asubuhi wakapanda pamoja. Siku kadhaa zilipita njiani, nauli ilikuwa ya mabwana tu, lakini mwenye ndege ndiye aliyekuwa mlezi wa abiria wake tangu mwanzo hata mwisho.

East African Airways iliyoanzishwa mwaka 1946 ilirithi desturi ya kupita Nairobi, kwa kuwa makao yake yalikuwa huko, na tangu kiwanja cha huko, Embakasi, kilipofunguliwa mwaka 1958, njia panda ya Mtanganyika ikawa ni hapo. Mpango huo ulifaa maadamu nyumba ilikuwa moja. Mwaka 1977 nyumba ikavunjika: shirika likafa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, mpaka baina ya Tanzania na Kenya ukafungwa hata Novemba 1983, na Tanzania ikaunda shirika lake mnamo Machi mwaka ule ule wa 1977. Jirani aliyekuwa mlango wetu akawa ukuta. Jengo la pili la kiwanja chetu, lililobuniwa na Mfaransa Paul Andreu, yule aliyebuni jengo la kwanza la Charles de Gaulle kule Paris, lilifunguliwa mwaka 1984. Jengo la tatu, lililojengwa kwa ajili ya abiria milioni sita kwa mwaka, likafuata mwaka 2019. Majengo yamekua, lakini njia panda imebaki ughaibuni.

Waliojifunza elimu ya njia panda kwa undani ni wafanyabiashara wa Kariakoo. Mwenye duka Mtaa wa Kongo aendapo Guangzhou hana tena haja ya kurudi amebeba marobota, maana wakala wa mizigo, mwenye ofisi hapo hapo sokoni, huyapokea kule China na kuyaleta, ya haraka kwa ndege na kwa kilo, ya subira kwa meli na kwa ujazo. Basi yeye husafiri na begi dogo la mkononi, na faida yake huonekana Addis Ababa, ambako wenzake wanapokwama katika foleni ya ukaguzi wakivua mikanda na viatu, yeye amevaa kandambili tangu Kipawa na yuko langoni. Addis pana raha nyingine kwetu: saa yao ni saa yetu, na Wahabeshi, kama Waswahili, huanza kuzihesabu saa jua linapochomoza. Dubai ndiko wageni wa safari hunaswa, kwani iko mbele yetu kwa saa moja, na asiyeirekebisha saa yake huliendea lango taratibu, akakuta limefungwa.

Swali la kwanza ambalo wazoefu hao humuuliza mgeni wa safari ni kama tiketi yake ni moja au mbili. Kila kiwanja kina muda wake mfupi kabisa unaoruhusiwa kuunganisha, na shirika lililouza safari nzima kwa tiketi moja hufungwa na hesabu hiyo: ndege ya kwanza ikichelewa, ni juu yake kumtafutia abiria nyingine. Lakini aliyenunua vipande viwili, ili aokoe fedha kidogo, machoni pa shirika la pili ni mtu aliyechelewa tu, nalo halina habari na kilichompata angani. Huyu ndiye msafiri aliyekosa msimu asiyekuwa na jamaa Unguja. Wala muda mrefu mno haukosi shari, kwani akaaye zaidi ya saa 12 katika kiwanja cha nchi yenye homa ya manjano huweza kudaiwa cheti cha chanjo arudipo nyumbani.

Basi, ndugu msomaji, ukienda kwa wakala wako, mwambie akate safari yote kwa tiketi moja, hata kama imezidi bei. Omba saa mbili na nusu badala ya moja. Hakikisha mzigo umeandikiwa mwisho wa safari, si njiani. Na ukiwa unapitia Dubai, isogeze saa yako mbele kabla hujainuka kitini.