Usikiokote Hicho Kijiwe! Stori ya Mishale ya Kale, Kutoka Simiyu Mpaka Eyasi

Ukitoka Bariadi mjini, ukapita Maswa na kushuka Mwanhuzi, mashamba ya pamba yanaanza kupungua na miiba inaongezeka. Hapo ndio umeingia nyika ya Meatu, na mbele yako liko Ziwa Eyasi, lile la chumvi ambalo kiangazi kikikaza sehemu kubwa inabaki tope kavu tu. Wengi wakipita huku wanaona pori. Wataalamu wa mambo ya kale wanaona maktaba.

Sababu ni vijiwe. Vingine vidogo kuliko kucha ya kidole gumba, vimechongwa kama mwezi mwandamo: upande mmoja mkali kama wembe, upande wa pili umefanywa butu makusudi. Wataalamu wanaamini vingi vilibandikwa kwa gundi kwenye vijiti, vikawa ncha za mishale. Waliovichonga hakuna anayewajua kwa jina. Hawakuacha maandishi. Saini yao ni hicho kijiwe tu.

Kaskazini mashariki mwa ziwa, upande wa Karatu, kuna pango la mwamba linaitwa Mumba. Mwaka 1938 Margit Kohl-Larsen alichimba pale, na vitu vingi vya msafara wake na mumewe Ludwig vikaishia Tübingen, Ujerumani. Miaka ya 1970 mwishoni akaja Mmarekani Michael Mehlman, akachimba upya pale pale, tabaka kwa tabaka. Udongo wa Mumba umehifadhi maisha ya watu kwa zaidi ya miaka 100,000. Kuna zana za mawe, na kuna shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Yaani watu walikuwa wanawinda na bado wanapendeza!

Sasa sikia hii. Kati ya mawe ya Mumba kuna vipande vyeusi vinavyong'aa kama chupa. Ni kioo cha volkano. Kila mlima wa volkano una mchanganyiko wake wa kemikali, kama alama ya kidole, kwa hiyo maabara inaweza kusema jiwe limetoka wapi. Majibu yakaelekeza Naivasha, Kenya, zaidi ya kilomita 300 kutoka Mumba. Hakuna basi, hakuna bodaboda, ila jiwe lilifika. Labda lilipita mkono kwa mkono, jirani kwa jirani. Kitu kizito kuliko hata dhahabu hapo ni hiyo habari: watu wa kale walikuwa na mtandao wao.

Lakini habari hiyo haikuwa ndani ya jiwe peke yake. Ilitokana na kujua jiwe lilitoka tabaka gani, jirani na mfupa gani, chini ya majivu gani. Mtu akiliokota akaliweka mfukoni, akapiga picha ya kuposti, kisha akalisahau kwenye droo, amefuta ukurasa ambao hakuna nakala yake. Kinachobaki ni kokoto yenye makali.

Ndio maana sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Huruhusiwi kuchimba bila kibali, wala kuvisafirisha nje ya nchi bila kibali. Ukikutana navyo, unaviacha vilipo, unapiga picha, unaandika mahali, halafu unatoa taarifa serikalini.

Na usidhani mshale ni habari ya wafu tu. Wahadzabe bado wanawinda kwa upinde kuzunguka Eyasi, na upande wa Meatu wapo. Ndege wadogo wanapigwa kwa mshale wa mti uliochongwa tu. Mnyama mkubwa anahitaji ncha ya chuma, wakati mwingine msumari uliopondwa hadi ukawa bapa, na sumu ya mmea kama waridi la jangwani. Jiwe limeondoka, msumari umeingia, akili ni ile ile: tumia ulichonacho, kifanye kiwe kikali.

Kijana wa Bariadi anaweza kumaliza shule akijua piramidi za Misri vizuri kuliko bonde lililo mlangoni kwake. Wakati huohuo mvua inamomonyoa udongo, ng'ombe wanakanyaga, jembe linageuza ardhi, na vijiwe vinatokea juu kila msimu. Yule fundi asiye na jina alichonga kitu kikadumu maelfu ya miaka. Kukipoteza kunahitaji sekunde moja na mfuko wa suruali.

Wewe ungekiona ungefanyaje? Ungekiacha kweli, au ungeondoka nacho kimyakimya? Funguka hapo chini.